Je, wajua mfuma vitambaa wa kijijini alipataje mjukuu wa kumkopesha mfalme?

Kitabu cha kodi cha mji wa Augsburg, kusini mwa Ujerumani, mwaka 1367, kina maneno mawili ya Kilatini: "Fucker advenit". Yaani Fucker kaingia mjini (msicheke, karani kaandika alivosikia). Huyo ni Hans Fugger, mfuma vitambaa kutoka kijiji cha Graben, na kodi aliyolipa ilikuwa pfenigi 44, sarafu ndogo ndogo za huko. Mjukuu wake Jakob anafariki 1525 akiwa anatajwa miongoni mwa matajiri wakubwa kabisa Ulaya, anadai wafalme na mapapa. Kizazi kimoja tu hapo katikati!

Sasa ilikuwaje? Maana ukikaa kwenye kitanda cha kufumia asubuhi hadi jioni, rusha uzi huku, gonga, rusha kule, gonga, utakula lakini hutajirika. Siri iko kwenye kitambaa chenyewe. Augsburg walikuwa wanafuma kitu kinaitwa barchenti, mtande wake (nyuzi za urefu) kitani, mshindio wake (nyuzi za kupita) pamba. Kitani si shida, kinalimwa hapo hapo kwa majirani. Pamba ndo kasheshe, kule baridi haioti, ilikuwa inatoka Shamu na Kupro, inashushwa Venice, bandari ya Italia, halafu inabebwa na wanyama kupandisha milima ya Alps mpaka ifike. Mfumaji mwenye kitanda kimoja na watoto sita atafika Venice lini? Kwa hiyo anamsubiri mwenye mtaji amletee, anachukua pamba kwa mali kauli, akimaliza kufuma anarudisha kitambaa kwa mtu yule yule, wanakatana deni, kinachobaki ndo chake. Na anayepanga bei ya pamba ni huyo huyo anayepanga bei ya kitambaa, hapo unategemea nini? Wanaochukua vitenge kwa mkopo Kariakoo wananielewa vizuri.

Hans akahamia upande wa wenye pamba. Lakini mtaji na njia kavipata wapi? Nusu ya jibu ni ndoa, tuseme ukweli. Mke wa kwanza, Klara Widolf, alikuwa mtu wa mjini na kupitia kwake Hans akapata uraia wa Augsburg. Klara akafariki, akamuoa Elisabeth Gefattermann, binti wa kigogo wa chama cha wafumaji. Na chama hicho kilikuwa si cha kuzikana tu, sababu mwaka 1368, mwaka mmoja tu baada ya Hans kuingia, mafundi wa mji waliwabana wakubwa mpaka vyama vyao vikapewa viti kwenye halmashauri. Kufika 1396 jina lake liko kwenye walipa kodi kama arobaini wa juu, kwenye mji wenye walipa kodi maelfu.

Hans akafariki mwanzoni mwa miaka ya 1400, na hapa ndo historia nyingi zinaruka haraka haraka kwenda kwa Jakob, mimi naona wanakosea. Aliyeshika biashara ni mjane, Elisabeth, karibu miaka 30 mpaka alipofariki 1436, na mali ikazidi kukua. Baadaye mkwe wake Barbara, mama yake Jakob, naye akafiwa na mume akashika usukani vile vile. Ukoo umesimama kwa wajane wawili ila sifa kachukua Jakob.

Watoto wa Elisabeth wakaja kugawana, tawi la Andreas likachukua nembo ya paa (yule mnyama), la Jakob mkubwa, baba yake Jakob wetu, likapata ya yungiyungi. Hiyo ya yungiyungi ililetwa na nguo! Mwaka 1473 kaizari Frederick III alikuwa anaenda Trier kukutana na mtawala wa Burgundy, msafara mzima unatakiwa upendeze, ndugu wa Fugger wakaleta vitambaa, na nembo ikatolewa. Tawi la paa lilimkopesha Maximilian, mtoto wa kaizari, mji wa Leuven (Ubelgiji ya leo) ukawekwa kama dhamana, siku ya kulipa Leuven wakagoma, tawi la paa likafilisika. Jakob mdogo alikuwa mjanja zaidi, yeye akikopesha anataka madini ya fedha yanayochimbwa Tirol, huko milima ya Alps, yanatoka mgodini yanaenda kwake moja kwa moja mpaka deni liishe. Hata 1519 Charles V, mfalme wa Hispania, alipotaka ukaizari, gharama za kuwalainisha wakuu wachache waliokuwa wanapiga kura zilizidi gulden 850,000 (sarafu za dhahabu), na zaidi ya 540,000 zilitoka kwa Jakob.

Na sisi wa pwani huyu jamaa alitufikia, ila kwa mlango mbaya. Mwaka 1505 Wareno walimtuma Francisco de Almeida na msafara wa meli, na tatu kati ya hizo zilitiwa mtaji na matajiri wa Kijerumani na Kiitaliano. Ukoo wa Welser, ambao nao ni wa Augsburg, walitoa cruzado 20,000 (sarafu za Wareno), Fugger wakatoa 4,000. Msafara ukaiteka Kilwa mwezi wa saba, mwezi wa nane ukaichoma Mombasa na kuikomba nyumba kwa nyumba. Melini alikuwepo Mjerumani, Hans Mayr, na maelezo yake ya safari yapo mpaka leo. Kati ya vitu alivyovitaja huko Mombasa ni vitambaa vya pamba, vingi sana, vilivyokuwa vinasubiri kupelekwa Sofala, sababu pwani nzima ilikuwa inachukulia nguo zake hapo.