Ghafi ya Mei Si Ghafi ya Juni

Kila bei ya mafuta ikiporomoka, simu yangu hapa Mwanza huanza kuita. Swali ni lile lile: "Kaka, mafuta yameshuka, niingie?" Nami huuliza: uingie kwenye nini? Kuna ghafi yenyewe, yaani mafuta yasiyosafishwa, kuna mkataba wa kununua ghafi itakayokabidhiwa mwezi fulani, na kuna hisa za kampuni inayoichimba. Kila kimoja kina namna yake ya kumla mtu.

Aliyewahi kufika mwalo wa Kirumba msimu wa mvua atanielewa upesi. Giza limeleta dagaa tele, mitumbwi imejaa, lakini jua hakuna na kila chanja kimeshawahiwa. Dagaa wabichi hawangoji. Kufika mchana, anayepanga bei ni mwenye pa kuanikia, na wanaobaki chini wanaishia kuwa chakula cha kuku. Gunia la dagaa wakavu la wiki ijayo lina bei yake nyingine kabisa.

Ndivyo ilivyokuwa Cushing, mji mdogo wa Oklahoma, Marekani, unakokabidhiwa mzigo wa mikataba ya WTI, ghafi ya Marekani. Mkataba mmoja ni mapipa 1,000, na anayebaki nao hadi mwisho hupaswa kuyapokea. Aprili 2020 korona ilikuwa imesimamisha ndege na magari. Saudia na Urusi zilikuwa zimetoka kugombana mwezi Machi juu ya kiasi cha kuzalisha, na punguzo la uzalishaji la mapipa milioni 9.7 kwa siku lililokubaliwa Aprili 12 lilikuwa halijaanza. Nafasi iliyobaki kwenye matangi ya Cushing ilikuwa na wenyewe tayari. Jumatatu ya Aprili 20, siku moja kabla ya kuisha, mkataba wa Mei ulifunga dola 37.63 kwa pipa chini ya sifuri: muuzaji alimlipa mnunuzi ili amtue mzigo. Siku hiyo hiyo mkataba wa Juni ulifunga dola 20.43, na Brent, ghafi ya Bahari ya Kaskazini, ikabaki juu ya dola 25.

Kwetu ilikuwa saa tatu usiku imepita kidogo, namba zikavuka sifuri mbele ya macho yangu. Lakini somo langu mimi lilikuja siku chache kabla. Nilikuwa nimenunua ghafi ya Mei kupitia dalali wa mtandaoni. Alipotuhamisha wateja kutoka Mei kwenda Juni, chati iliruka kutoka dola 18 hivi hadi karibu 25. Moyo ulinidunda. Nikafungua akaunti, salio halijaongezeka hata senti.

Hesabu yake ni hii, na naomba uifanye kwa kalamu. Una mapipa 100 ya mwezi huu kwa dola 20, yaani dola 2,000. Mkataba unaisha, unauza, unanunua wa mwezi ujao kwa dola 25. Sasa una mapipa 80. Mwezi ukipita na ghafi bado iko dola 20, una dola 1,600. Kwenye habari bei haijasogea, wewe umepoteza moja ya tano ya mtaji. Mifuko mingi ya uwekezaji inayojiita ya mafuta huhama hivyo hivyo kila mwezi, na ndiyo iliyowaumiza wengi waliosema "itapanda tu". Ilipanda kweli, wao mapipa yao yakiwa yamepungua.

Hisa ni tofauti. Haishuki chini ya sifuri, wala haina tarehe ya kuisha. Ina madeni. Whiting Petroleum, kampuni ya kuchimba mafuta ya Marekani, iliomba kinga ya mufilisi, yaani mahakama iikinge na wadai, Aprili 1, 2020, kabla hata ya ile Jumatatu. Shell, yenye misuli, ilinusurika, ila Aprili 30 ilikata gawio kwa theluthi mbili, mara ya kwanza tangu Vita Kuu ya Pili. Kwa hiyo kabla ya kutazama bei ya hisa natazama deni linaloiva ndani ya miaka miwili na gharama ya kutoa pipa moja ardhini.

Fedha za kukopeshwa na dalali sizigusi bei inapoporomoka. Dhamana, yaani fedha zako ulizoweka kwake, ikipungua anakufungia biashara usiku umelala, na hata ukiwa sahihi asubuhi, akaunti imeshaungua.

Juzi kijana wa Igoma alinitumia chati akiuliza kama anunue. Nilimwomba anitumie bei mbili: ya mkataba wa mwezi huu na ya mwezi unaofuata. Alirudi baada ya nusu saa na swali zuri zaidi: kwa nini zinapishana dola tatu?