Kutoka LPN hadi RN bila kuacha kazi: tuanze na karatasi ya zamu

Kila muhula unapokaribia, wauguzi wa ngazi ya LPN huja ofisini kwangu chuoni, wengi wao waliohamia hapa Marekani kutoka Kenya, Tanzania na Kongo. Swali huwa lile lile: je, nitaweza kusomea RN huku nafanya kazi saa 40 kwa wiki? Kabla ya kujibu, namwomba mtu aniandikie zamu zake za wiki mbili zilizopita jinsi zilivyokuwa, pamoja na zile za ziada alizopigiwa simu akakubali. Nikiiona karatasi hiyo ninaweza kumwambia mengi kuliko nikiona vyeti vyake.

Kwa asiyejua, LPN ni muuguzi aliyesoma kwa takriban mwaka mmoja na kupata leseni ya jimbo. Texas na California humwita LVN, lakini kazi ni ile ile. RN, muuguzi aliyesajiliwa wa ngazi iliyo juu yake, husoma miaka miwili kwa shahada ya awali (associate), au minne kwa shahada kamili. Takwimu za kazi za serikali kuu za Mei 2024 zinaonyesha kipato cha kati cha LPN kuwa dola 62,340 kwa mwaka, na cha RN dola 93,600. Pengo hilo linatosha kumfanya mtu akeshe na vitabu. LPN hahitaji kuanza upya: vyuo vingi vina programu inayohesabu alichokwisha kusoma, na yeye humaliza kwa mihula miwili hadi minne baada ya masomo ya msingi.

Sasa tuhesabu. Muhula wa kawaida una siku mbili za mafunzo wodini, tuseme saa 16, darasani saa 8, na kujisomea saa 15 kwa uchache. Ongeza saa 40 za kazi, unapata 79. Wiki ina saa 168. Ukilala saa 7 kila siku, zinabaki 40 za watoto, kupika, barabarani na ibada. Kwa hesabu inawezekana. Kinachowaangusha watu ni mpangilio wa saa hizo.

Nitatoa mfano. Mwanafunzi wangu mmoja alifanya zamu ya jioni kwenye nyumba ya wazee, saa 9 alasiri hadi saa 5 usiku. Akimaliza kuandika kumbukumbu na kukabidhi funguo za kabati la dawa, anafika nyumbani saa 6 na nusu usiku. Saa 12:45 asubuhi anatakiwa awe wodini nasi. Siku moja nilisimama kando yake akiwa anasoma majibu ya maabara ya mgonjwa wake. Potasiamu ilikuwa 2.9, chini ya kiwango salama. Mkononi ameshika furosemide, dawa inayotoa maji mwilini na potasiamu pamoja nayo. Akasoma ukurasa ule mara tatu, na mara zote tatu hakuiona ile namba. Mgonjwa hakudhurika kwa sababu nilikuwa pale. Dada huyu alikuwa miongoni mwa werevu wa darasa lile, na potasiamu aliijua vizuri kuliko wengi. Alikuwa amelala saa nne tu.

Ndiyo maana nasema: ilinde siku ya wodini kuliko kitu kingine chochote. Usiku unaoitangulia usiwe na kazi. Darasa ukilikosa unaweza kuazima daftari la mwenzako, lakini wodi haina daftari la kuazima, na vyuo vingi huruhusu kukosa siku moja au mbili tu kabla hujarudishwa muhula mzima. Zungumza na meneja wako kabla hujaomba nafasi chuoni, na uende na kalenda mkononi. Waajiri wengi huhesabu zamu tatu za saa 12 kuwa ajira kamili, yaani saa 36. Ukizipanga Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, siku za katikati ya wiki zinakuwa zako. Baadhi ya sehemu hulipa zaidi kwa anayekubali kila wikendi, hivyo uliza. Wakikukubalia, omba waandike. Meneja anaweza kuhama na ahadi ya mdomo ikahama naye.

Masomo ya msingi yachukue polepole ukiwa bado kwenye ratiba yako ya kawaida: anatomia na fiziolojia sehemu mbili, mikrobiolojia, saikolojia, uandishi wa Kiingereza. Moja kwa muhula linatosha, hasa anatomia. Lakini usiyaache yakae sana, kwani vyuo vingi havipokei masomo ya sayansi yaliyozidi miaka mitano au saba.

Kuhusu ada, jaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu, mkimbizi na aliyekwisha kupewa hifadhi wanastahili kuomba msaada wa serikali kuu, na ruzuku ya Pell kwa mwaka wa masomo 2025–26 inafika hadi dola 7,395, isiyorudishwa. Sheria ya kodi nayo inamruhusu mwajiri kukulipia masomo hadi dola 5,250 kwa mwaka bila fedha hizo kuhesabiwa kama kipato chako. Wengi wamekaa miaka kazini hawajawahi kuuliza. Na kuna jambo tunaloona haya kulisema: pesa za nyumbani. Zamu nyingi za ziada ninazoziona kwenye zile karatasi zinalipa karo za wadogo na matibabu ya wazazi. Wapigie simu mapema, uwaeleze kwamba kwa miezi kumi na minane kiasi kitapungua. Wazazi huelewa wakiambiwa. Kinachowaumiza ni ukimya.

Ukiingia darasani, utakutana na ugumu ambao hakuna aliyekutahadharisha nao. Uzoefu wako wa LPN utakusaidia kwenye mikono na kukupinga kwenye fikra. Kwa miaka umefundishwa kukusanya taarifa na kuripoti. Tuseme mgonjwa wa siku ya pili baada ya upasuaji wa goti anasema ghafla hapati pumzi. Utafanya nini kwanza? LPN wengi huchagua kumjulisha msimamizi, na kazini kwao hilo ndilo walilozoezwa. Lakini RN ndiye msimamizi sasa. Yeye huinua kichwa cha kitanda, huweka oksijeni, husikiliza mapafu, hufikiria donge la damu mapafuni, kisha huita timu ya dharura akiwa na la kuwaambia. Na yeye ndiye anayeamua ni mgonjwa yupi akabidhiwe LPN: aliye imara, ambaye mwenendo wake unatabirika. Kutathmini mara ya kwanza, kufundisha mgonjwa anayerudi nyumbani, kupima kama mpango wa huduma umefaulu, hayo hubaki kwa RN. Kwenye kila swali la mazoezi, jiulize: ninajibu kwa leseni niliyo nayo au kwa ile ninayoitafuta?

Nawaomba sana mjihadhari na njia za mkato. Januari 2023 serikali kuu iliwashtaki watu 25 katika kesi ya vyuo vitatu vya Florida, ambako vyeti bandia vya uuguzi zaidi ya 7,600 viliuzwa. Wanunuzi walilipa maelfu ya dola, na baadhi walifaulu mtihani na kuajiriwa. Baadaye bodi za majimbo zilianza kufuta leseni. Chuo kikikuambia hakuna wodi, funga mlango. Hakikisha kina idhini ya bodi ya uuguzi ya jimbo lako, na ithibati ya ACEN au CCNE, mashirika yanayokagua ubora wa programu za uuguzi. Hata njia halali zina mipaka: California humruhusu LVN kufanya mtihani wa RN baada ya masomo ya uniti 30 bila shahada, lakini majimbo mengine kwa kawaida hayaitambui leseni hiyo.

Mtihani wenyewe wa leseni ya RN, uitwao NCLEX-RN, una maswali 85 hadi 150 ndani ya saa tano, na ada yake ni dola 200. Ukishindwa, unasubiri siku 45. Ufanye mapema baada ya kumaliza, kabla zamu za ziada hazijakurudia. Na leseni yako ya LPN endelea kuihuisha hadi siku ile mpya itakapotoka, maana ndiyo inayolipa kodi ya nyumba wakati huo wote.

Dada yule wa potasiamu alihamia zamu za wikendi, akarudia muhula ule, akamaliza nyuma ya wenzake.