Je, wajua? Bibi mwizi hupatikana upesi kuliko bibi mwema

Kwa muda mrefu niliamini kwamba Mwaustralia ambaye bibi yake wa kale aliletwa nchini humo na serikali ya Uingereza akiwa mfungwa hawezi kumpata tena kwenye maandishi. Fukara, mwanamke, pengine hajui hata kutia sahihi: nani angejisumbua kumwandika? Kumbe nilikuwa nimelisimamisha jambo kichwa chini miguu juu. Anayesumbua ni yule aliyekwenda huru, kwa nauli yake, asiye na kesi. Huyo alishuka bandarini akaingia mjini, basi. Mfungwa alilishwa na kuvishwa na serikali, na serikali haitoi blanketi bila kuandika limekwenda kwa nani.

Kosa langu la pili: nilidhani wengi walifukuzwa kwa ukahaba. Ukahaba wenyewe haukuwa na adhabu ya kupelekwa ng'ambo. Kati ya wafungwa wapatao 162,000 waliopelekwa tangu 1788 hadi 1868, wanawake walikuwa kama 25,000, na wengi wao walikuwa wameiba: nguo, vitambaa, vyombo vya tajiri wao. Na kama hadithi ya ukoo inasema bibi alifungwa Australia Magharibi, hadithi ina kasoro, kwani koloni hilo halikupelekewa wafungwa wa kike.

Sasa, anatafutwaje? Kwa meli. Mtaani kukiwa na akina Asha watatu, tunasema Asha wa Tanga, Asha wa maandazi, Asha mrefu. Makarani wa koloni walikuwa na akina Mary Smith wasiohesabika, wakafanya vivyo hivyo, ila wao walichagua meli. Aliyefika na meli fulani aliandikwa nayo kwenye sensa, kwenye ombi la ruhusa ya kuolewa, kwenye cheti cha kumaliza kifungo. Meli ikawa kama ubini wake. Jina la ukoo lilibadilika kila alipoolewa. Meli ilibaki ileile. Ukiwa na jina, meli na mwaka, milango hufunguka, hasa Tasmania, kisiwa kilicho kusini mwa Australia, ambako daftari linaweza kukupa urefu wake, rangi ya macho, makovu, na kila siku aliyolewa pombe au kumjibu bosi wake ovyo. Sijui wangapi kati yetu tumeandikwa kwa makini hivyo.

Lakini umri, dini na kazi mara nyingi ni maneno yake mwenyewe mbele ya karani, na mtu aliye matatani huchagua la kusema.

Hata meli ina ujanja wake. Mary Reibey alikamatwa Uingereza kwa wizi wa farasi akiwa msichana aliyevaa kivulana na kujiita James Burrow. Alifika Sydney mwaka 1792 na meli Royal Admiral, akaolewa, akawa mfanyabiashara tajiri. Mwaka 1820 alikwenda kutembea Uingereza, akarudi mwaka uliofuata. Sensa ya 1828 ilipouliza hali yake, alijibu kwamba alikuja akiwa mtu huru, mwaka 1821. Si uongo: safari hiyo ya pili alilipa nauli. Anayemtafuta kwa jibu hilo peke yake atapekua orodha za wafungwa bure, huku sura ya bibi mwenyewe ikimtazama kutoka kwenye noti ya dola 20 ya Australia.