Kampasi ya Kigeni na Swali la Nani Atafundisha

Taasisi ya Teknolojia ya India (IIT), Madras, ilipofungua kampasi Zanzibar mwaka 2023, ikiwa ya kwanza ya taasisi za IIT nje ya India, wengi waliniuliza kama shahada zake zingekuwa na thamani ileile. Jibu ni fupi: anayezitoa ni Madras yenyewe. Mimi, kwa kuwa nafundisha sera za elimu ya juu, nashughulishwa zaidi na jambo jingine, yaani nani atakuwa akifundisha sayansi ya data na akili mnemba pale Bweleo, ilipo kampasi hiyo, baada ya miaka ishirini.

Nchi ambazo uchumi wake unachipukia hazialiki vyuo vya nje kwa kutafuta heshima tu. Malaysia ilitunga sheria ya vyuo binafsi mwaka 1996, na mwaka uliofuata msukosuko wa fedha wa Asia ukaiporomosha sarafu yake, ringgit, hata familia nyingi zilizokuwa zikisomesha watoto Uingereza au Australia zikalemewa na ada. Monash ya Australia ikafungua kampasi nchini humo mwaka 1998, na Nottingham ya Uingereza mwaka 2000. Fedha za kigeni zilizokuwa zikitoka zikaanza kubaki, kisha wanafunzi wa nje, wakiwamo wa Afrika Mashariki, wakaongeza nyingine.

Hesabu hiyo siidharau, ila haitoshi. Nikisoma makubaliano ya aina hii huanza na vipengele visivyotajwa katika hotuba za ufunguzi: mwenyeji ana sauti gani katika mitaala, utafiti utafanyika wapi, na chuo mgeni kikiondoka wanafunzi watamalizia wapi. Hili la mwisho si hofu ya bure, kwani Chuo Kikuu cha New South Wales kilifunga kampasi yake ya Singapore mwaka 2007, miezi michache tu baada ya kuifungua, kwa kuwa wanafunzi waliojiandikisha walikuwa wachache mno.

Kipengele ninachokipa uzito kuliko vyote ni cha wahadhiri. Mwalimu anayekuja kwa mkataba wa muda hufundisha vizuri, pengine vizuri sana, kisha huondoka na uzoefu wake. Kwa hiyo ningependa wahadhiri vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wasomee shahada ya uzamivu chini ya maprofesa wa Madras, wakiwa na likizo ya masomo yenye malipo na ajira inayowasubiri, na sharti hilo liandikwe ndani ya makubaliano yenyewe, pamoja na idadi ya nafasi kwa kila mwaka.