Je, wajua kwa nini watu husema nchi za Waprotestanti zimeendelea kuliko za Wakatoliki?

Hii mada ikiguswa kijiweni lazima watu wapandishiane sauti. Aliyeipa umaarufu ni Mjerumani mmoja, Max Weber, 1904 na 1905, akasema siri iko kwenye imani yenyewe, eti Mprotestanti anachukulia kazi kama ibada, hatapanyi hela, faida anairudisha kwenye biashara. Wengi wanaimeza hivyohivyo mpaka leo.

Ila 2009 wachumi wawili, Sascha Becker na Ludger Woessmann, wakachimbua takwimu za Prussia, dola ya zamani ya Wajerumani, za karne ya 19, wakakuta ni kweli maeneo ya Waprotestanti yalikuwa na nafuu, lakini ukishaangalia nani anajua kusoma na nani hajui, tofauti inayobaki ni ndogo sana. Kumbe ishu ni shule bana! Martin Luther, yule Mjerumani aliyeanzisha Uprotestanti, alitaka kila mtu ajisomee Biblia kwa Kijerumani, na 1524 aliwaandikia viongozi wa miji wafungue shule, za wavulana na za wasichana pia.

Uswidi ndo walikaza haswa. Baada ya sheria ya kanisa ya 1686 mchungaji alikuwa anapita kwenye makazi ya watu kuwapima, baba mama watoto mpaka wafanyakazi wa ndani wote wanaitwa, kila mtu anasoma mbele yake na yeye anajaza kwenye daftari nani anasoma vizuri na nani anababaisha, na kama katekisimu hujui basi ndoa usahau. Hebu fikiria umeshapata mchumba halafu unakwamishwa na katekisimu. Kuandika wala hawakukujali sana.

Sasa cheki, Uswidi hiyohiyo ya Kilutheri iliendelea kuwa maskini miaka kibao, Waswidi zaidi ya milioni moja wakakimbilia Marekani kusaka maisha. Dini haikubadilika hata kidogo, ila viwanda na reli vilipokuja vikakuta watu wameshajua kusoma kitambo, ndo wakachomoka.

Na leo ukienda Ujerumani, Bavaria ya Wakatoliki ni kati ya majimbo yenye hela kweli. Audi, kampuni ya magari, walianzia Saxony, mashariki mwa Ujerumani, kwa Waprotestanti, vita ikaisha Warusi wakashika huko, kampuni ikaanza upya Ingolstadt, Bavaria, mwaka 1949, na haikuwa kwa sababu ya misa.