Mfumo wa kazini ukiwa mtandaoni, nani anautunza?

Wengi huamini kwamba kampuni ikishalipia mfumo wa mawasiliano ya kazini kama Slack au Microsoft Teams, fundi wa kompyuta wa kampuni hana kazi tena, kwa kuwa seva (kompyuta zinazoendesha mfumo) ziko kwa mwenye programu. Si kweli. Mtoa huduma hutunza seva na kusasisha programu. Watumiaji, ruhusa na data ni juu yenu.

Hatari kubwa iko kwenye akaunti. Mfanyakazi akiacha kazi na akaunti yake isifungwe, anaweza kuendelea kusoma mazungumzo ya ofisi kwenye simu yake. Ndiyo maana nasisitiza mfumo uunganishwe na orodha kuu ya watumiaji tangu siku ya kwanza, ili akaunti ikizimwa huko, izimike kote. (Hakikisheni simu iliyokwisha kuingia kwenye akaunti nayo inaondolewa humo, si kila mfumo huiondoa papo hapo.) Wageni walioalikwa kwa mradi mmoja nao husahaulika ndani ya vikundi.

Halafu kuna kumbukumbu. Mei 2024 Meta ilitangaza kuufunga mfumo wake wa mawasiliano ya kazini uitwao Workplace, na wateja wakalazimika kuhamisha data zao. Kabla ya kusaini mkataba, ulizeni data hutolewa kwa muundo gani mkitaka kuhama.