Pembe haitaki vanishi

Juzi mama mmoja muuza samaki wa Dunga, ufuoni Kisumu, aliniletea kisu nilichomtengenezea mwaka jana. Mpini wake wa pembe ulikuwa umeota magamba ya kahawia, unabambuka kama rangi ya mtumbwi wa zamani. Kumbe mwanawe aliupaka vanishi ili ung'ae upya. Hicho ni kisu cha nne mwaka huu, na kila mara naambiwa yale yale: "Fundi, ulisahau vanishi."

Sikusahau. Pembe ya ng'ombe si mbao. Ni keratini, kitu kile kile cha kucha na nywele zako, na mng'ao wake ni wake yenyewe. Pembe hunywa maji kidogo ikavimba, ikikauka inasinyaa. Vanishi haiendi nayo. Ongeza jasho na mafuta ya samaki kama mbuta, lazima ibanduke.

Kukata hakuna maneno mengi. Chemsha pembe mpaka mfupa wa ndani ulegee, uuchomoe, anika kivulini wiki kadhaa, kata vibao viwili vya unene wa milimita 6 hivi, kimoja kila upande wa mpini. Kilichopinda kipashe moto, kibane kwenye jiliwa katikati ya vyuma bapa, usikifungue kabla hakijapoa. Na barakoa uvae, vumbi lile linaumiza mapafu.

Kazi yenyewe ni msasa, na hapa ndipo watu wananiudhi. Namba ikipanda, msasa unakuwa laini zaidi. Wanaanza na namba 120, wanagusa 220, wanarukia 1000, wakiona ukungu wanakimbilia kopo la vanishi. Jamani, msasa kazi yake ni kufuta mikwaruzo ya msasa uliotangulia, basi. Ukiuacha mkwaruzo wa 120, ile 1000 haiufikii hata usugue mpaka usiku. Inang'arisha pembeni na mkwaruzo unazidi kuonekana. Mimi napita 120, 220, 400, 600, 1000, 2000, siruki. Kila namba nageuza mkono: hii kwa urefu, inayofuata kwa upana. Nikiona mstari mmoja tu wa upande wa zamani, bado sijamaliza namba hiyo. Kuanzia 400 nasugua kwa maji. Lakini pembe iliyolowa hudanganya, mikwaruzo yote inajificha. Ifute, ikauke, isogeze dirishani uilaze mwanga uipige ubavuni. Hapo utaona ukweli.

Mwisho ni dawa ya meno nyeupe kwenye kitambaa cha pamba. Mashine inaharakisha, ila ukisikia harufu ya nywele zinazoungua umeshachelewa: tabaka zimeanza kuachana, na ule weupe unaoingia katikati hautoki tena.

Kinachoninyima usingizi ni kujipinda. Nina vibao viwili vya pembe moja, nilivinyoosha siku moja, jiliwa moja. Vilikaa rafuni mwaka mzima vimenyooka. Mvua za Aprili ziliponyesha, kimoja kikarudia mpindo wake, kingine kikatulia. Ndiyo maana natia ribiti juu ya gundi, na bado simwapii mteja kwamba mpini hautainuka ukingoni.

Kisu cha mama nilikikwangua vanishi yote, nikaanza upya kutoka 220. Nilimwambia asikilaze kwenye karai la maji. Mpini ukififia, dawa ya meno kidogo na kitambaa, dakika tano. Kopo la vanishi libaki kwa meza na viti.